Vita vya Mgongo wa Mamba

Barua ya Bwana Shauri, afisa wa Kizungu wa wilaya, ilifika Sanje siku ya Jumanne, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karani wa muda wa Jumbe, mimi ndiye niliyeisoma mbele ya watu. Ulikuwa mwaka 1954, mpunga ulikwisha kuingia ghalani, na watu walikuwa na nafasi ya kusikiliza. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu miezi michache kabla, nikisubiri kupangiwa shule. Niliisoma barua ile kwa sauti ya darasani, pole pole, nikisimama kwenye kila nukta, maana niliamini kwamba mambo yakisomwa vizuri yataeleweka vizuri.

Serikali, ilisema barua, inataka kuujua mpaka kati ya upande wa Ifakara na upande wa Iringa. Mpaka huo utapita juu kabisa ya mlima, kwenye ukingo wa mawe uitwao Mgongo wa Mamba, iwapo mjumbe mmoja wa kila upande atautembea ukingo huo kwa miguu yake mwenyewe, wakutane katikati, na wakubaliane. Lisipofanyika jambo hili kufikia Jumamosi, mpaka utashuka hadi chini ya mlima, na msitu wote pamoja na chemchemi zake utafungwa.

Mfereji wetu unaanzia kwenye chemchemi moja ya msitu ule. Mpunga hunywa mvua, lakini migomba, bustani za mboga na mitungi ya kila nyumba hunywa mfereji. Kufunga chemchemi ilikuwa sawa na kutuambia tuhame.

"Lakini mpaka tunaujua," alisema mtu mmoja nyuma. "Wahehe wako kule, sisi tuko huku. Katikati kuna mlima."

"Serikali haiujui," nilimjibu.

"Basi si iulize?"

Nikakunja barua.

Kisha macho yote yakamgeukia Jumbe Hermenegildi. Jumbe alikuwa Mpogoro wa Mahenge, mtu mnene, mwenye heshima, na kwa miaka ishirini, kila pombe ilipopikwa, alikuwa akisimulia jinsi alivyomkimbiza mbogo aliyejeruhiwa juu ya Mgongo wa Mamba, kutoka ncha moja hadi ya pili. Mbogo huyo alizidi kunenepa mwaka hata mwaka. Hakuna aliyewahi kuuliza mbogo alipitaje mahali ambapo nyani hupita kwa kufikiri.

"Nadhani," alisema Jumbe, akikohoa, "hii ni kazi ya vijana."

Mkewe, Balbina, alikuwa amekaa na wanawake wenzake karibu na mlango. "Vijana gani?" alisema. "Si wewe uliyemkimbiza mbogo? Safari hii hakuna hata mbogo wa kukuzuia. Njia ni nyeupe."

Watu wakapiga makofi, na hivyo ndivyo alivyochaguliwa.

Bwana Shauri alikuja Ijumaa na hema, meza, kiti cha kukunja, na darubini yenye miguu mitatu. Watu walimwita Bwana Darubini kabla jua halijazama. Alikuwa kijana, hakunizidi umri kwa mengi, na alikuwa na nia njema. Hilo nilisema wakati ule na nalisema bado. Alizungumza Kiswahili cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi.

"Mimi sitapanda," alitueleza. "Mzungu akipanda, wenyeji wataona aibu kukataa, na makubaliano hayatakuwa ya hiari. Nitawaangalia kutoka hapa. Kwa darubini hii naona kila kitu."

"Na kusikia, Bwana?" niliuliza.

"Kusikia hakuhitajiki," alisema. "Kanuni inataka kuona."

Tuliondoka alfajiri ya Jumamosi, mimi na Jumbe, nikiwa nimebeba kopo la chokaa na brashi ya kuweka alama mahali wajumbe watakapokutana. Jumbe alivaa koti lake jeusi la kanisani, kofia, na viatu vya ngozi vyenye soli laini kama sahani. Nilimshauri aviache.

"Mwanangu Fridolin," alisema, "mtu hawezi kuwa mjumbe wa nchi pekupeku."

Tulipanda tukiacha maporomoko upande wetu wa kulia, tukaingia msituni, ambako mbega wekundu walituangalia wakitafuna majani kama wazee wa baraza. Kila tulipopumzika Jumbe alizidi kupunguza maneno. Saa tatu tulitoka kwenye miti na upepo ukatupiga usoni, na mbele yetu ukawa Mgongo wa Mamba.

Nilikuwa nimeuona kutoka chini maisha yangu yote, mstari mwembamba wa kijivu chini ya mawingu. Sasa niliona kwa nini watu wa mtoni waliupa jina lile. Ulikuwa mwamba mmoja mrefu, kama hatua mia mbili, uliojaa meno yaliyopangwa safu, na upana wake mahali pengine haukuzidi ubao wa kukalia. Upande wa kushoto mwamba uliporomoka moja kwa moja hadi vilele vya miti ya Sanje. Upande wa kulia uliteremka kwa mteremko mkali hadi kwenye ukungu. Bonde la Kilombero lilikuwa limetandazwa chini, mto ukimetameta, moshi wa mashamba yanayosafishwa ukipanda wima, na mbali sana doa jeupe ambalo huenda lilikuwa Ifakara.

"Mbogo alipita wapi, Jumbe?" niliuliza. Naapa sikuwa na ubaya moyoni. Nilitaka tufuate nyayo zake.

Jumbe alivua kofia akajipangusa. "Mwanangu," alisema kwa sauti ndogo, "mimi sijawahi kufika hapa."

"Na mbogo?"

"Mbogo naye hajawahi."

Nilimhurumia mno. Nilimwambia turudi, tukamwambie Bwana ukweli, naye kama mtu mwema ataelewa. Jumbe aliangalia chini kwenye mapaa ya Sanje, madogo kama punje.

"Ataelewa," alisema, "halafu atafunga chemchemi." Akapanda jino la kwanza.

Hapo mwanzo tulikwenda vizuri. Mahali pale mtu hatembei. Anashika, anavuta, anajaribu jiwe kwa kiganja kabla ya kuliamini, kisha analiamini kwa sababu hana lingine. Mawe yalikuwa na kuvu la manjano lililochubuka chini ya vidole. Nilijifunza kusogeza kiungo kimoja tu kwa wakati mmoja, vingine vitatu vikiwa vimekaa. Jumbe naye angejifunza, lakini soli zake ziliteleza kila zilipogusa mwamba, kama mtu anayejaribu kusimama juu ya samaki. Baada ya hatua kama sabini, mguu wake mmoja ulitoka kabisa. Alianguka akakaa, mguu mmoja Iringa na mguu mmoja Ifakara, akaukumbatia mwamba, akafumba macho.

"Nimefika," alisema.

"Bado, mzee. Hadi katikati zimebaki thelathini."

"Mimi nimefika."

Nilimvua viatu. Kimoja kilinitoka mkononi kikaenda upande wa kushoto, kikagonga, kikaruka, kikagonga tena, na baada ya muda mrefu kikaacha kusikika. Jumbe alihesabu kila kishindo na akazidi kuukumbatia mwamba.

Nilikuwa mwalimu, basi nilifundisha. Nilimwambia habari za wajibu wa kiongozi. Nilimwambia kwamba vizazi vijavyo vya Sanje vitakunywa maji na kulitaja jina lake. Nilimwambia kwamba hofu ni wazo tu, na wazo linaweza kushindwa na wazo jingine. Niliyasema yote haya nikiwa nimelala kifudifudi, nimeshika jino la mwamba kwa mikono miwili.

"Fridolin," alisema bila kufumbua macho, "ukitaja vizazi vijavyo tena nitajiachia."

Ndipo tuliposikia mtu akicheka.

Upande wa pili, juu ya jino kubwa kuliko yote, alikuwa amesimama mzee mwembamba, pekupeku, mgolole umefungwa kiunoni. Alikuwa Severini, mjumbe wa Wahehe. Nilimfahamu, kila mwaka aliteremka Sanje na maharage na asali, akarudi na mchele. Alikuwa mtani wa Jumbe. Kwa ajili ya wageni nieleze kwamba babu zetu na babu zao walipigana vita, na vita vilipokwisha walirithishana matusi badala ya mikuki. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kuketi kwenye kiti chako, na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukifa, yeye ndiye anayewachekesha wafiwa wako, na yeye ndiye anayekufukia.

"Ni nini kile," aliita Severini, "kimebaki juu ya mwamba kama kambale aliyeachwa na mafuriko?"

"Pita zako, mla mbwa," alijibu Jumbe, macho yamefumbwa.

"Sauti naijua! Ni mtumwa wangu Hermenegildi! Kijana, amekufa au bado?"

"Bado, babu," nilisema. "Ameshindwa kusogea."

Kicheko kikamtoka Severini usoni. Nadhani aliona, kama nilivyoona, kwamba vidole vya Jumbe havingeweza kushika siku nzima. Akateremka mwamba kwa mwamba, akakaa kama hatua thelathini kutoka kwetu mahali palipokuwa na nafasi ya matako, akajifunika mgolole kichwani, na akaanza kulia msiba.

"Uuuwi! Wafiwa, poleni! Tumempoteza mtu. Marehemu alikuwa mfupi wa mkono, mrefu wa ulimi. Alimkimbiza mbogo, na leo ameuawa na jiwe lisilo hata na pembe!"

"Sijafa, mbwa wewe!"

"Marehemu alipenda kubishana. Tuendelee. Marehemu alikuwa na mguu wa kulia. Chini ya mguu huo, shubiri moja hivi, palikuwa na ufa mzuri wa kukanyagia, lakini masikini, alikufa bila kuujua."

Mguu wa kulia wa Jumbe ulipapasa ukaupata ufa.

"Alikuwa pia na mkono wa kushoto, ambao maisha yake yote aliutumia kuficha nyama watani wakija. Laiti angeunyoosha siku moja tu, angeshika jiwe lenye umbo la sikio."

Mkono ukanyooka, na jiwe la sikio likashikwa. Jumbe akainuka kidogo, akasogea, akakaa tena. Nilimfuata nyuma, nimeshika pindo la koti lake, sijui kwa faida ya nani.

"Sasa urithi," alisema Severini akipangusa machozi ambayo hayakuwepo. "Baiskeli naichukua mimi. Nyumba tutaezua bati. Balbina naye nitamchukua, ingawa ana mdomo. Atanipalilia maharage."

Jumbe alifumbua macho. "Mtoe Balbina mdomoni mwako."

"Njoo umtoe."

"Nakuja!"

"Marehemu asiruke! Marehemu akumbuke kwamba jiwe la katikati linacheza. Alipite, akanyage lile jeusi!"

Akakanyaga lile jeusi. Hatua ishirini, hatua kumi. Akitukana kwa Kiswahili, kisha Kipogoro, kisha matusi ambayo nadhani aliyatunga pale pale, Jumbe Hermenegildi alifika katikati ya Mgongo wa Mamba kwa viungo vyote vinne, akamfikia mtani wake, akampiga kofi la kichwa mara tatu. Severini alimvua koti, akalivaa, akasema nguo za marehemu ni zake. Kisha wakakumbatiana. Mahali penyewe palikuwa pembamba, kwa hiyo walikumbatiana kama watu wanaopigana mieleka, wakiyumba, na mimi nikapiga kelele wakae chini. Jumbe alikuwa analia. Alisema ni upepo.

Makubaliano ya mpaka yalichukua muda mfupi kuliko kufungua kopo la chokaa.

"Maji yanayoteremka kwenu," alisema Severini, "sisi tutayafanyia nini? Tuyapandishe kwa kamba?"

Nikachora msalaba mweupe juu ya mwamba. Moyo wangu ulijaa. Nilifikiri: kama watu wote wangeweka mipaka yao hivi!

Severini aliteremka nasi, kwa njia ya warina asali inayopita chini kidogo ya ukingo, pana, yenye kivuli, ambayo bibi mwenye mtungi angeipita bila kumwaga. Nilimwuliza kwa nini hakutuambia mapema.

"Barua yenu si ilisema juu?" alijibu.

Tulifika kambini alasiri. Bwana Darubini alikuwa amesimama mezani, uso umempauka, na mbele yake karatasi mbili zilizojaa maandishi.

"Nimeona yote," alisema. "Saa nne na dakika kumi, Jumbe alirusha silaha ya kwanza."

"Ilikuwa kiatu, Bwana," nilisema.

"Saa nne na nusu, huyu Mhehe alijificha kwenye mwamba unaotazamana nao akapiga kelele za vita, mikono juu."

"Alikuwa analia msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa Jumbe."

Bwana alimtazama Jumbe, aliyesimama pale hai, kifua wazi, mguu umechubuka. Kisha akamtazama Severini aliyevaa koti la kanisani. "Saa tano," aliendelea, "walipigana ana kwa ana. Na hizo ni nyara."

Nilimweleza utani. Nilimweleza tangu vita vya babu zetu hadi kiti na kofia. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote, na alisikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Kwa hiyo," alisema, "mtu anamtukana mwenzake, anamwita mtumwa, anamvua nguo, anatangaza kifo chake, anadai mke wake. Na hawa ni marafiki?"

"Sana, Bwana."

"Wewe ni kijana mwenye moyo mzuri," aliniambia, na akalowesha kalamu. "Makabila haya bado yana uhasama. Sina njia nyingine. Nitafunga mlima wote kwa miaka miwili, na chemchemi, hadi watakapotulia."

Nilifungua mdomo nieleze tena, lakini Jumbe alinikanyaga. Niliona jinsi watu waliokusanyika walivyorudi nyuma kidogo, kama wamesukumwa. Ukweli wangu nilikwisha kuusema wote, na kila sehemu yake ilikuwa imetuchimbia shimo.

Severini ndiye aliyeelewa. Alivua koti, akalikunja, akaliweka miguuni pa Bwana, na akapiga goti.

"Bwana Mkubwa," alisema, "umeona kweli. Tulipigana. Mimi nimeshindwa. Tunaomba amani, na tunawaachia hawa maji."

Uso wa Bwana Darubini uling'aa kama wa mtoto. Sijapata kumwona mtu mwenye furaha ya kweli kama ile. Alichukua karatasi mpya. Aliandika mkataba wa amani kati ya watu waliokuwa wakipeana mchele na maharage tangu kabla hajazaliwa, naye aliandika vizuri: mpaka uwe juu, chemchemi iwe ya Sanje daima. Kisha akaongeza kifungu cha mwisho, akakisoma kwa sauti. Kuanzia leo hakuna mtu wa pande hizi mbili atakayemtukana mwenzake, kwa neno wala kwa ishara. Karani ataandika kila tusi atakalolisikia. Tusi moja tu litatosha kuufunga mfereji.

Jumbe alitia dole gumba. Severini akatia dole gumba.

"Sasa peaneni mikono," alisema Bwana kwa upole, "na kila mmoja amwambie mwenzake neno zuri."

Wakasimama wakitazamana. Nilimwona Jumbe akitafuta. Alikuwa na maneno zaidi ya mtu yeyote bondeni, lakini hapakuwa na hata moja alilowahi kumwambia Severini ambalo lingeruhusiwa. Akaupokea mkono wa mtani wake.

"Ahsante, Bwana Severini," alisema. "Usafiri salama."

"Ahsante, Bwana Jumbe," alisema Severini. "Msalimie mama nyumbani."

Walisemezana kama watu waliokutana kivukoni. Severini aligeuza uso haraka. Katika vita vyote vya siku ile, hilo ndilo jeraha nililoliona.

Bwana Darubini aliondoka na gari lake kabla ya jioni, akinipungia mkono, akiniachia daftari jipya la kuandikia matusi. Watu walitawanyika wakiambiana kwamba maji yamepona, lakini waliambiana taratibu. Severini alikaa kwenye mkeka barazani kwa Jumbe kusubiri chakula, na Jumbe alikaa mkeka huo huo, na baina yao palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu. Jumbe alimwuliza kama mvua huko kwao ilikuwa nzuri. Severini alisema ilikuwa nzuri. Jumbe akasema hata huku.

Mimi nilikaa pembeni na daftari magotini. Nilikuwa nimejiapia chuoni, nilipopewa cheti, kwamba sitaandika uongo wala sitauacha ukweli bila kuandikwa.

Balbina alitoka jikoni na wali na samaki. Alisimama juu yao, akawatazama, mmoja kisha mwingine.

"Ni nani amekufa?" aliuliza.

"Kuna mkataba," alisema Jumbe. "Tumetia dole gumba."

"Mimi nimeulizwa?"

"Hapana."

"Nimetia dole?"

"Wewe ni mwanamke. Hawakuhesabu wanawake."

"Vizuri." Akaiweka sinia chini kwa kishindo mbele ya Severini. "Kula, mla mbwa we, mwizi wa wake za watu. Nasikia umenirithi. Miguu kama kuni za mvua, utaniweza wapi? Kula upate damu, leo umemlilia mume wangu vibaya, hata chozi moja hukutoa!"

Severini alibaki na tonge mkononi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama anacheka au la mpaka alipoinua kichwa. "Mke wangu huyu," alisema, "chumvi kidogo."

Jumbe aligeuka akanitazama. Nilisikia mfereji ukipita nyuma ya migomba.

"Karani," alisema Jumbe, "umesikia kitu?"

Nilifunga daftari.

"Sijasikia, mzee," nilisema.